Fisi na Uji wa Watoto wa Kindi

— Nianze nisianze?
— Anza tukusikie!
— Mkisinzia nimwambie nani?
— Yaambie mafiga!

Haya. Wewe Mize, ukitaka kupiga chafya geukia huko. Zamani, tulipokuwa tukila sinia moja na kugombania ukoko, ngano hii alinipa mama yangu. Nimemkumbuka, jamani. Alikuwa akinukia tangawizi.

Paliondokea Mama Kindi na watoto wake wanne. Kila asubuhi alipika uji, na kila asubuhi Fisi alikuja. Anakaa, anavuta bakuli, anakunywa: fyu, fyu, fyu. Watoto wanabaki na njaa. Wakakonda hadi mikia ikawazidi, na mama yao akaogopa asije akawazika.

Siku moja watoto wakaamka na mafua. Chya! Chya! Mama Kindi akampa kila mmoja kifuu chake cha uji, akawafundisha kupigia chafya mkiani, kisha akanawa mikono kwa maji na majivu. Fisi huyo, kaja.

"Shikamoo, mzee. Leo usiguse uji, watoto wana mafua."

"Mafua ya watoto hayamshiki mtu mzima."

"Yanamshika, baba. Kaa mbali nao, na vifuu vyao viache."

"Nakujua wewe. Umetia asali humo."

Mama Kindi akampisha. Alijua kwamba Fisi ukimwambia kweli, ndipo anapokushuku.

Fisi akanyakua kifuu cha kwanza, fyu. Cha pili, fyu. Cha tatu, fyu. Cha nne akakilamba mpaka kikang'aa, akajifutia kitambaa cha kamasi cha watoto.

Siku ya tatu akaenda kuwinda mbuzi. Ananyata, ananyata, chya! Mbuzi hao. Ananyata tena, chya! Mbuzi hao. Na pua imeziba, hata mzoga hausikii. Akarudi pangoni kulala, anatetemeka na homa, na watoto wa Kindi wakanywa uji wao hadi mashavu yakarudi. Tangu hapo Fisi akisikia mtoto anakohoa, hupita mbali.

Ngano yangu imefika ukingoni. Aliyesikia kabeba, aliyelala kaacha.

Na funzo lake ni hili: mafua ya watoto hayamshiki mtu mzima. Mama yangu alilisema hivyo hivyo huku akinimalizia uji, na kesho yake tukakohoa wawili ndani ya shuka moja. Leo ningeyapata wapi mafua yale? Mize, mjukuu wangu, kama umeshiba lete hicho kibakuli cha uji nikumalizie.