Rehani ya Chande

Hapo zamani, katika mwaka ambao mvua ilikataa katakata kunyesha na pishi moja ya mtama ikawa ghali kuliko mbuzi, palikuwa na mshona makubadhi mmoja, jina lake Chande. Kazi aliijua, ulimi alikuwa nao, ila mfukoni hamna kitu. Na mwaka wa njaa nani anunue makubadhi? Watu walitembea pekupeku, wakasema nyayo nazo ni ngozi.

Basi mkewe Somoe akajifungua mtoto wa kike, na mzazi, jamani, hanyweshwi maji matupu. Chande akaenda kwenye ghala la Sultani, akakopa pishi tano za mtama apate kumpikia mkewe uji. Naye Sultani wa mji ule alikuwa na desturi yake. Akikukopesha, pishi hufutwa juu kwa kijiti ikawa sawasawa. Ukimlipa, hujazwa mpaka ikafanya kichuguu na nafaka ikamwagika. Tena kila mwezi ukiandama hujalipa, huongezwa pishi tano nyingine. Ikaandama miezi mitatu, zile tano zikawa ishirini, na uji wenyewe ulikwisha sahauliwa zamani.

Chande akaitwa barazani. Siku ile Sultani alikuwa na hasira, maana wadaiwa waliomwekea rehani ya mbuzi, mbuzi wamekufa kwa ukame, na waliomwekea masufuria ya shaba, mji mzima unauza masufuria na hapana anunuaye. Akanena, "Chande, nimechoka na vitu vyenu vya kufa na kushuka bei. Niletee rehani ambayo thamani yake haishuki, mvua inyeshe isinyeshe. Nakupa siku saba. Usipoileta, nyumba yako naichukua, na wewe na mkeo na kichanga chenu mtajijua."

"Amri yako i juu ya kichwa changu, maulana," akajibu Chande.

Alipofika nyumbani akamweleza mkewe. Somoe akapiga kofi. "Loo! Kitu gani katika mji huu hakijashuka bei? Juzi jirani kauza kipini chake cha dhahabu kwa vibaba viwili vya mtama! Bwana Chande we, tutamlaza wapi mtoto huyu?"

Chande alimtazama mwanawe amelala ndani ya kaniki, akaona uchungu, akaogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani mwake. Siku sita akazunguka mjini akiuliza bei ya hiki na kile, na kila kitu kimeshuka. Usiku wa sita akalala na njaa, tumbo likamnguruma mpaka Somoe akashtuka usingizini. Hapo Chande akaanza kucheka peke yake.

"Umepatwa na wazimu?" akauliza Somoe.

"Wazimu sina, mke wangu. Nina rehani."

Maana alikumbuka jambo moja. Mwaka wa juzi Sultani mwenyewe alikopa kwa mfanyabiashara mmoja, akaweka rehani jambia lake, na jambia likaibwa dukani. Sultani akakataa kulipa, akamwamuru Kadhi aandike sheria: rehani ikipotea mkononi mwa mdai, deni nalo limekufa. Sheria hiyo ilimfaa sana Sultani siku ile.

Kulipokucha Chande akaenda barazani, akakuta Sultani ana wageni wakubwa kutoka mji mwingine. "Umeleta?" akauliza Sultani.

"Nimeleta njaa yangu, maulana. Mwezi jana ilikuwa ndogo, mwezi huu imekuwa kubwa, na mwezi ujao itazidi. Katika mji huu mzima ndiyo peke yake iliyopanda."

Wageni wakacheka mpaka wakashika mbavu. Sultani akapenda kuonekana mcheshi mbele yao, tena nyumba ya Chande haikimbii, ataichukua siku yoyote. Akanena, "Kadhi, iandike. Njaa ya Chande ni rehani yangu, nami nimeipokea mkononi mwangu." Kadhi akaandika.

Ikawa adhuhuri, wali ukaletwa, umepikwa kwa samli, na kuku juu yake. Na desturi ya mji ule, chakula kikiletwa barazani, mwenyeji hali mpaka kila aliyeketi ametia mkono. Wageni wakatia mkono, na Kadhi akatia wake. Chande akakunja mikono yake kifuani.

"Kula, Chande," akasema Sultani.

"Siwezi, maulana. Rehani ni yako, nikila nitaiharibu. Mimi ni maskini, lakini si mwizi."

Wali ukapoa. Samli ikaanza kuganda, na tumbo la Sultani likalia, wageni wote wakalisikia. Akapaza sauti, "We mtu, kula! Nakuamuru!"

"Kadhi amesikia?"

"Amesikia! Kula!"

Basi Chande akala. Akala mpaka jasho likamtoka, akanawa, akasema alhamdulillahi. Kisha akaanza kupekua, akainua mkeka, akakung'uta kanzu yake, akachungulia chini ya sinia. "Masikini mimi! Rehani yangu! Asubuhi nimemkabidhi Sultani nzima, sasa haionekani!"

Kadhi akafungua kitabu chake, akakohoa, akasema polepole, "Maulana, sheria hii ni yako mwenyewe. Ile ya jambia."

Uso wa Sultani ukaiva, na Chande akajua sasa ni nyumba au shingo. Mara mgeni mmoja kicheko kikamponyoka, na Sultani naye kikamshinda, akacheka mpaka machozi. "Haya, Chande, deni limekufa. Lakini kesho asubuhi njaa hiyo utaikuta kwako vilevile. Utafanya nini?"

"Kitu kilichopotea kikionekana, maulana, hurudishwa kwa aliyekipoteza. Nitakuletea mwenyewe, saa ya chakula. Na watu wa mji nitawaambia wanisaidie kuitafuta, huenda imeingia kwao."

Sultani akaacha kucheka. Akafikiri juu ya watu wa mji ule, wengi kama walivyo, wameketi barazani pake kila adhuhuri, naye hawezi kutia tonge kinywani mpaka wote wametia mkono. Akaamuru siku ile ile kwamba mtama ulipwe umefutwa kwa kijiti kile kile, kama ulivyokopeshwa, na hapana nyongeza mpaka mvua inyeshe. Kisha akampa Chande sinia la wali ampelekee mzazi.

Somoe alikuwa amekaa mlangoni, vyombo amekwisha vifunga. "Ile rehani yako iko wapi?"

"Sultani kaipoteza."

Somoe akamtazama, akatazama sinia. Akampa mumewe mtoto ampakate, akavuta sinia, na njaa yake nayo ikapotea.