Kwa Nini Wazee wa Mrindi Huruka kwa Mguu Mmoja

Niite mwongo, niko tayari. Ila kwanza simama kwa mguu mmoja, hivyo hivyo ulivyo, bila kushika ukuta, mpaka nimalize maneno haya ya mwanzo. Umeanza kuyumba? Basi nyamaza usikilize. Mimi shule niliiacha darasa la tano, wala sikufukuzwa, niliichoka. Lakini hakuna mwenye cheti katika milima hii yote anayeweza kukueleza kwa nini mabibi na mababu wa Mrindi, watu wa meno mawili na fimbo mkononi, hurukaruka ukingoni kama watoto wa mbuzi kabla ya kuvuka gogo. Mimi naweza. Asiyeamini aende akavuke.

Zamani Mrindi haikuruka. Ilitambaa. Kati ya kijiji na ng'ambo palikuwa na bonde jembamba, lenye kina ambacho ukitupa jiwe unameza mate mara mbili kabla ya kulisikia. Juu yake lililazwa gogo moja tu, limeng'aa kwa magoti ya watu. Na bonde hilo lilivuta pumzi. Sauti nzito, ndefu, ilitoka chini kabisa, na upepo wa baridi badala ya kupanda ulishuka, ukivuta nguo za mtu kuelekea shimoni. Watu walisema huko chini anakaa Mvuta. Jina hilo hawakulitaja wakiwa na chakula mdomoni.

Mvuta, walisema, humsikia anayecheza. Kijana mmoja aliwahi kuvuka akipiga mluzi, hakufika. Wazee wakakaa, wakaamua: mtu akipata mjukuu wa kwanza aletewe kigoda cha miguu mitatu, na kuanzia hapo awe mtu wa kukaa. Asikimbie, asiruke, ngoma aitazame tu. Ilikuwa heshima kubwa. Ajabu ni kwamba walioanguka baada ya hapo walikuwa karibu wote watu wa vigoda, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Na hao ndio waliokuwa na akili, sio sisi tulioacha shule.

Nakijwa alikuwa mkunga, na mwaka huo ulikuwa wake wa kumi na mbili kigodani, tangu mwanawe wa kiume apate mtoto. Mikono yake ilikuwa imepokea nusu ya kijiji. Miguu ndiyo iliyomsaliti. Binti yake Naetwe aliolewa ng'ambo, akazaa mara mbili, akazika mara mbili, kwa kuwa watoto wake walikuja wametanguliza miguu na huko hakukuwa na mkono unaojua kuwapokea. Mara ya pili Nakijwa alijaribu kumfuata. Alitambaa hadi katikati ya gogo, akaisikia pumzi ile chini ya tumbo lake, akakwama. Alilikumbatia gogo, macho kayafumba, mpaka wanaume wakamfunga kamba wakamburuta kurudi kama mbuzi wa mnada. Vilio vya msiba kutoka ng'ambo alivisikia vibanzi vya gogo vikiwa bado kwenye kucha zake.

Sasa Naetwe alikuwa na mimba ya tatu. Akatuma neno: "Mama, mwezi ukiandama wakati wangu umefika. Huyu naye sitamtoa bila mkono wako." Njia ya kuzunguka bonde ilikuwa mwendo wa siku mbili kwa miguu mizima. Nakijwa hiyo miguu hakuwa nayo.

Tangu neno lile lifike chakula hakikumshuka. Akiinama kuchochea moto, sakafu ilimwegemea. Wifi yake Namkunda, mjane mwenye ulimi wa upupu, akamkuta siku moja ameshika ukuta kwa mikono miwili ili atoke mlangoni kwake.

"Wifi, hicho ni kizingiti au ni gogo?"

"Nicheke tu. Mwanangu atakufa."

"Nikucheke umenichekesha nini? Umekauka kama mkungu uliosahauliwa darini. Wewe uliyekuwa ukitushinda wote kucheza mguu mmoja! Kizingiti kimekufanya nini?"

"Mvuta anavuta, wifi."

"Mvuta sijapata kumwona," alisema Namkunda. "Kigoda nakiona."

Basi vikongwe wale wawili wakajificha nyuma ya migomba, wakalaza mgomba ulioanguka uwe gogo lao, wakaanza kuucheza ule mguu mmoja. Siku ya kwanza Nakijwa alimshika wifi yake mabegani, wakabwagana wote wawili kwenye majani makavu. Akacheka. Halafu akaziba mdomo upesi, akasikiliza. Kule bondeni pumzi ilipanda, ikashuka. Mwili ukamsisimka mpaka kwenye unyayo.

Lakini kesho yake alirudi. Alimenya ndizi akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Alitembea kinyumenyume, kisigino kikitafuta vidole. Walisimama juu ya mgomba wakirushiana limau, na aliyeliangusha alitukanwa bila huruma. Wakaufufua na wimbo wao wa utotoni: *Nimeuficha mguu, nimeuficha, anayeutaka aje, aje.* Kila siku hofu ilikuja naye pale migombani, na kila siku miguu ilikumbuka kitu kidogo.

Siku ya tisa wakafumaniwa. Mzee Mrutu, msemaji wa ukoo, alitokea kwenye migomba akiwa kimya. Hakufoka, na afadhali angefoka.

"Bi Nakijwa," alisema, "unamwita Mvuta. Mtoto wa Naetwe akifa safari hii, tutajua nani aliyemwita."

Nakijwa akarudi kwenye kigoda chake, akaketi. Alitazama mikono yake. Labda mzee alisema kweli. Wawili walikwisha kufa bila yeye kucheza. Je, huyu, ambaye amechezewa mlangoni pa Mvuta siku tisa? Asikuambie mtu kwamba hofu hukaa moyoni. Hofu hukaa magotini.

Asubuhi yake yowe lilitoka ng'ambo. Uchungu ulikuwa umeanza tangu jana, na mtoto alikuwa ameonyesha unyayo mmoja. Ukungu ulikuwa umefunika bonde, gogo lilionekana hatua nne tu kisha halikuwapo. Mzee Mrutu alisimama njiani na fimbo yake. Nakijwa akampita. Wifi yake akamfuata hadi ukingoni, akamfunga kanga kiunoni, akamwambia, "Usitambae. Ukitambaa unamsogezea sikio."

Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya nne, na kijiji kikapotea nyuma yake. Gogo lilikuwa na unyevu kama ulimi. Alipofika pale pale alipokwama zamani, pumzi ikaja. Baridi ilishika pindo la nguo yake na kulivuta chini, taratibu, kama mtoto anayemvuta mamaye. Miguu ikaganda. Magoti yakaanza kupinda yenyewe, yanataka kulala, yanataka lile kumbatio.

Nyuma, ndani ya ukungu, kukasikika makofi. Pa, pa. Pa. Namkunda alikuwa anampigia mchezo.

Mdomo wa Nakijwa ulikuwa umekauka, lakini sauti ikatoka, nyembamba: "Nimeuficha mguu, nimeuficha." Akaunyanyua mguu mmoja. Juu ya shimo lile, mkongwe mzima, akasimama kama korongo. "Anayeutaka aje, aje!" Bonde likanyamaza kimya. Akaushusha mguu mbele, akaunyanyua wa pili, na hivyo hivyo, akicheza, akatokea ng'ambo.

Mtoto alizaliwa jua likiwa utosini. Msichana, miguu mbele, analia kama amedhulumiwa. Siku ya tatu Mzee Mrutu alisimama ukingoni mbele ya watu wote, akakohoa mara kadhaa, akamuuliza Namkunda kwa sauti ya chini, "Shemeji, huo mguu mnauficha vipi?"

Na tangu siku hiyo, Mrindi mtu akipata mjukuu bado analetewa kigoda, ila kabla ya kukikalia lazima asimame juu yake kwa mguu mmoja aimbe, na wajukuu wamzomee akiyumba. Na hakuna anayevuka gogo kabla hajarukaruka ukingoni mara tatu, wazee wakitangulia.

Haya, shusha mguu wako. Sasa nikwambie kipande nilichokiruka, maana bibi yangu akisikia nimekificha atanichapa. Yeye ndiye mtoto aliyezaliwa siku ile. Nilisema bonde lilinyamaza. Halikunyamaza. Nakijwa mwenyewe alisema lilivuta kwa nguvu zaidi, akavuka akiwa amejikojolea, na kila alipovuka baadaye, mpaka anakufa, alitetemeka vile vile. Bado linavuta. Nimelisikia. Mimi huyu, mwenye mdomo wote huu, huzunguka siku mbili na kusema nilikuwa na shughuli zangu huko juu. Kesho asubuhi bibi atanipeleka nyuma ya migomba. Ameniambia nisile sana.