Mlango wa Ndahani

Mtu mmoja aitwaye Ndahani alikuwa na nyumba ya tembe, ya miti na udongo, aliyoirithi kwa babu yake. Mlango wake ulikuwa mfupi na mwembamba. Mtu mzima hakuupita ila kwa kuinama. Babu aliujenga hivyo kwa makusudi, zama zile watu walipowindwa na kuuzwa. Aliyekuja kuteka watoto ilimlazimu aingize kichwa kwanza, na babu alikuwa akimngojea ndani na rungu. Mlango ule uliokoa wengi.

Wawindaji walipokoma, akaja mtawala kutoka mbali. Kila asubuhi aliwaona watu wa nyumba ile wakitoka wameinama, akasema ndivyo walivyoumbwa. Habari za mlango hakuuliza. Akawatawala kwa neno hilo miaka mingi, na alipoondoka hakulichukua neno lake. Ndahani mwenyewe aliwaambia wanawe neno lile lile, kwa upole, kama mtu anayewatajia ukoo wao.

Ikawa siku moja mkaza mwanawe, Mbeho, akashikwa na uchungu, mtoto asitoke. Mkunga akaagiza apelekwe zahanati upesi, akakataza asikokotwe wala asikunjwe. Wakamwinua na kitanda chake cha kamba, kilichosukwa mle mle ndani. Kitanda kikakwama mlangoni. Majirani wakashauriana kwa kelele, na mmoja akanung'unika kwamba haya ndiyo malipo ya kuoa binti wa nyumba zenye milango mirefu. Ndahani akashika shoka, kisha akalishusha. Aliona kana kwamba anataka kumpiga babu yake.

Mbeho akasema kwa sauti ndogo, "Baba, babu aliufupisha mlango ili watoto wake wapone. Huyu wangu naye ni wake."

Ndahani akaukata ukuta, juu na kando. Mbeho akatolewa amelala chali, akitazama mbingu, na kabla jua halijatua akajifungua salama mtoto wa kike.

Siku hizi mlango wa Ndahani ni mrefu na mpana. Lakini yeye akitoka bado huinama, na majirani humcheka, wakimuuliza leo anamwogopa nani. Naye hucheka nao, huku akijipapasa shingo.

Ndugu zangu, ukuta ule ulikatwa kwa shoka, mchana mmoja tu. Shingo iliyoinamishwa tangu enzi za babu, mnadhani itanyooshwa kwa kicheko?