Asali ya Juu ya Boriti

Kijicho hakiinui kidevu. Mmemsikia mama mkwe wenu akimtupia jirani neno hilo, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza kidevu kinaingiaje kwenye mambo ya kijicho. Kaeni basi. Neno hili lina watu wake, na lilianza hivi.

Huku kwetu porini, warina asali hawakumkabidhi mtu kamba ya kupandia mitini kwa sababu ya maneno yake. Mizinga hutundikwa juu sana, na nyuki wakikuvamia huko, mguu ukateleza, kitakachokuokoa ni Mungu na mikono yako. Kwa hiyo walikuwa na desturi. Walipaka asali juu ya boriti ya ghala la nta. Anayetaka kamba aliidaka boriti, akaning'inia, akajivuta kwa mikono mitupu mpaka kidevu kikavuka, ndipo akairamba ile asali. Miguu ikirusharusha mateke, ameshindwa.

Mzee Nkwabi hakujaliwa mtoto. Macho yalipoanza kumfifia, aliwaita wapwa zake wawili, Mhoja na Kapela, waliozaliwa na dada zake, akawaambia, "Atakayeramba boriti msimu huu, mizinga yangu yote ni yake."

Msimu uliopita wote wawili walikuwa wameshindwa. Mhoja alikuwa na kifua kipana na mabega ya fahali. Kapela alikuwa mwembamba, shati likimpwaya. Watu walisema mizinga imeshapata mwenyewe.

Lakini siku moja Mhoja akitafuta kuni alimwona Kapela ananing'inia kwenye tawi, peke yake. Hakumsalimu. Alijibanza nyuma ya kichuguu akamtazama. Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Kila alipoona mkono wa ndugu yake umekaza kidogo, yeye alirudi nyumbani amenuna. Mkewe, Kabula, akisema tu, "Kapela siku hizi kanenepa mabega," Mhoja anasukuma sahani ya ugali.

"Ana dawa," akasema Mhoja. "Nimemwona anajipaka unga wa kijivu viganjani."

"Si majivu hayo, baba? Viganja visimteleze kwa jasho."

"Wewe hujui kitu."

Akaenda akauiba ule mfuko wa unga uliokuwa umeachwa chini ya tawi.

Siku ya boriti ikafika. Mhoja, kwa kuwa ndiye mkubwa, alitangulia. Alijipaka ule unga mpaka kwenye viwiko, akaidaka boriti. Alivuta. Shingo ikamtoka mishipa, miguu ikaanza kukanyaga hewa kama anayepanda ngazi isiyokuwapo. Kidevu hakikufika hata karibu. Akaanguka kwa matako.

Kapela akainama kwenye meko ya kuyeyushia nta, akachota majivu, akajipaka viganjani. Akaning'inia mpaka akatulia. Kisha akapanda, polepole, miguu imenyooka kama ya mtu aliyelala. Akaramba. Akashuka vilevile polepole.

Wanawake walipiga vigelegele. Mhoja hakuvumilia.

"Mjomba, huyu kaiba ushindi! Ana dawa! Mimi nimemwona kwa macho yangu."

"Umeona nini, mwanangu?" akauliza Nkwabi.

"Alianza kwa kuning'inia tu, kama popo. Baadaye akawa anapanda juu ya kinu alichokipindua, anaweka kidevu juu ya tawi, halafu anashuka taratibu, taratibu, mpaka mikono inatetemeka. Anapumzika, anarudia. Siku nyingi hivyo! Hapo ndipo akaanza kujivuta, nusu, kisha robo tatu..."

"Hata siku za mvua?"

"Hata za mvua! Mimi mwenyewe nililowa pale kwenye kichuguu!"

Watu wakaangua kicheko. Nkwabi hakucheka.

"Basi dawa umeiona yote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Hebu niambie, muda wote huo mikono yako ilikuwa wapi?"

Mhoja aliitazama mikono yake, ingali na unga mpaka viwikoni.

"Ilishika tama," akajibu Kabula kwa niaba ya mumewe, na machozi yanamlenga. "Mabega yote hayo aliyopewa na Mungu, yakashika tama."

Nkwabi akamkabidhi Kapela kamba. Akamgeukia yule mwingine, akamwambia kwa upole, "Macho yako yamefanya kazi kubwa kuliko mikono ya mwenzio, Mhoja. Lakini kijicho hakiinui kidevu."

Msimu ule Mhoja alishika ndoo chini ya mti, huku Kapela akirina mizinga juu yake. Alfajiri moja majirani wakasikia Kabula anapiga kelele, "Shuka, baba, nyumba itatuangukia!" Mumewe alikuwa ananing'inia kwenye boriti ya chumbani, macho kayafumba. Miaka ya baadaye naye aliramba asali, akapewa kamba. Lakini mizinga ya Nkwabi ilikuwa imeshakwenda, na haikurudi.

Kwa hiyo mkimwona mwenzenu anapanda na moyo unawachoma, wanangu, itazameni mikono yenu iko wapi. Kijicho hakiinui kidevu.