Moto wa Kitovu

Sogeeni huku ndani, na wa mwisho afunge mlango, maana baridi ya hadithi hii si ya mchezo. Tena tuelewane mapema: nikifika mwisho sitaki kusikia mtu ananiuliza, "Halafu?" Halafu ni yenu. Kazi yangu ni kusimulia, yenu ni kuamua, na asiyetaka kuamua aende zake akalale.

Basi, huko juu milimani, ambako ukungu hushuka asubuhi na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga, walikuwako watu watatu waliojua kupata moto bila kukata mti. Msitu wa kijiji ulikuwa umefungwa, chemchemi zilishaanza kukauka, na kila mtu ilimbidi ajitafutie njia.

Wa kwanza aliitwa Senzota. Yeye aligeuza mavi ya ng'ombe kuwa moto. Alichimba shimo nyuma ya zizi la mama yake, akalijenga kwa matofali na kulifunika, akawa anatia humo samadi na maji. Vikavunda, gesi ikapanda kwenye bomba mpaka jikoni, mwali wa buluu, moshi hakuna. Kasoro yake ilikuwa mdomo. Ukimuuliza huo mtambo unakula nini, alijibu kwa maringo, "Unakula chochote."

Wa pili ni Nairuka. Huyu alikusanya maganda ya kahawa na mabua ya mahindi, akayachoma nusunusu kwenye pipa, akayaponda, akayafinyanga kwa uji wa muhogo na kuyaanika darini. Makaa yake yalikaa motoni mpaka unayasahau. Kasoro yake, mkono wa birika. Kutoa kwake ni mpaka akufikirie kwanza.

Wa tatu, Mama Kalutu, hakuwasha chochote. Alisuka makapu makubwa yenye vifuniko, akayajaza sufi na matambara. Chungu cha maharage kikishachemka kidogo alikitia kapuni, akafunika, akaenda zake shamba. Akirudi, maharage yameiva. Kasoro yake ilikuwa kinyongo. Ukimkwaza leo, atakukumbusha siku ya mazishi yako.

Na aliyemkwaza ni Bibi Namkunda, mama yake Senzota. Siku moja kisimani, mbele ya watu, alisema, "Tangu lini kapu likapika?" Watu wakaangua kicheko. Toka siku hiyo Mama Kalutu hakukanyaga kwake, ingawa nyumba zao zilitenganishwa na uzio wa mimea ya masale tu.

Sasa shikeni desturi yao, maana bila hiyo mtapotea. Kwao mtoto akizaliwa, moto uliochemsha maji yake ya kwanza hauzimwi mpaka kitovu kidondoke. Unaitwa moto wa kitovu. Aliyeutunza ndiye anayempa mtoto jina, na kwa jina hilo anakuwa mzazi wake wa pili, wa kushauriwa katika kila jambo mpaka mtoto aoe au aolewe. Jina hutajwa moto ungali hai. Ukizimika kabla, wanasema mtoto hakai duniani. Na mwenye kutamka nani ameutunza moto ni bibi mzaa baba, peke yake, wala hakatazwi na hasaidiwi.

Eliaika, mke wa Mchome, mwana mkubwa wa Bibi Namkunda, alikuwa mjamzito, na mumewe yuko tambarare kwenye vibarua. Bibi Namkunda alimpenda mkwe wake huyo, na alikuwa mwanamke msafi kupita kiasi. Akajisemea kwamba mjukuu hawezi kuzaliwa pembeni mwa zizi linalonuka. Akachukua sabuni ya unga, akachukua dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe, akalisugua zizi lote mpaka saruji ikang'aa. Maji yale yakateremka kwenye mfereji, na mfereji unaingia wapi? Shimoni! Lakini si mwanawe alisema unakula chochote?

Mama yangu wee. Ile samadi ina vijidudu vyake visivyoonekana, ndivyo vinavyotoa gesi. Dawa ikavifagia vyote.

Mvua ilikuwa inanyesha bila kupumzika, na mlima ukaporomoka ukaikata barabara ya kwenda zahanati. Eliaika akashikwa na uchungu kabla ya mwezi wake. Alfajiri akajifungua mtoto wa kike mdogo mno, ngozi nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Muuguzi wa zahanati alisikika kwenye simu, akasema mtoto akae kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, wazungushiwe chupa za maji ya moto, mama anywe uji wa moto, na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani hata kidogo, hewa yake inaua. Kisha simu ikaisha chaji.

Bibi Namkunda akaenda kuchemsha maji. Ya kwanza yalichemka. Ya pili, ule mwali wa buluu ukaanza kunywea. Akafungua koki mpaka mwisho, ukazidi kunywea. Akamwita Senzota, naye akaenda kuchungulia mtambo, akarudi uso umemshuka. Akamuuliza mama yake alitia nini. Alipoambiwa ni dawa ya kupe, akashika kichwa, akakimbilia kwa majirani kutafuta kuni. 

Kule chumbani Eliaika alikuwa anatetemeka kwa homa, na mtoto hakulia. Bibi Namkunda akamwekea kidole chini ya pua asikilizie pumzi. Kidole kilikuwa cha baridi, hakikusikia kitu. Akainama, akaweka shavu. Hapo akasikia, kidogo, kama mtu anayepuliza kutoka mbali. Akaogopa hofu ambayo hajawahi kuijua, hata siku ya kufiwa na mumewe. Aliona kabisa kwamba amemuua mjukuu wake kwa usafi.

Kuni za majirani zilikuwa zimelowa, ukiziwasha zinatoa povu tu. Senzota akachukua mpira wa ndani wa tairi ya trekta, akaufunga mgongoni. Ng'ambo ya maporomoko palikuwa na mtambo mwingine aliowajengea watu, akaujaze gesi huko. Bibi Namkunda alisimama upenuni akimtazama mwanawe anaingia kwenye matope yaliyokuwa bado yanatembea, mawe yakiteremka mbele yake na nyuma yake, kisha ukungu ukamfunika. Akabaki kati ya watoto wawili, mmoja ndani asiyelia na mmoja nje asiyeonekana. Alipotokea tena alikuwa anatambaa, na mpira mgongoni umevimba gesi. Akauunganisha kwenye bomba, akaweka ubao juu yake na kuukalia. Mwali uliokuwa umebaki kama ukucha ukainuka. Maji yakachemka, uji ukaiva, na mtoto akalia.

Lakini mpira si kisima. Ulipoanza kulegea, Nairuka akawasili. Alikuwa dada mkubwa wa Eliaika, ameolewa kijiji hichohicho, na habari zilimfikia asubuhi. Kwanza aliyatazama makaa yake darini, akafikiria mvua ile na watoto wake mwenyewe. Alifikiria kweli, siwafichi. Kisha akayabeba yote. Kitenge alichovaa, shuka la kujifunikia, hata kilemba, vyote akavifungia makaa yasilowe, naye akapita njia nzima na gauni moja, mvua inamchapa. Akawasha jiko upenuni kwa mwali ule wa mwisho wa gesi, kwa hiyo moto haukukatika. Akakaa hapo siku hata siku, anapulizia, anachemsha, anajaza chupa, mpaka kikohozi kikamwingia kifuani. Bibi Namkunda akimpelekea chai, anaipokea bila kuacha kupulizia.

Makaa nayo yakapungua. Barabara haijafunguliwa, mtambo haujafufuka, kitovu kingali kinaning'inia. Nairuka akaja kumwonyesha mama mkwe wa mdogo wake gunia. Yalikuwa yamebaki ya kuchemshia sufuria moja kwa siku, na chupa za maji zilikuwa zinapoa upesi kwa baridi ile. Mtoto alikuwa ameanza tena kunyamaza. Bibi Namkunda akaweka shavu, akasikia, akaweka tena, hakuwa na hakika.

Akaujua mlango uliobaki. Aliuvuka uzio wa masale na mvua, akasimama mbele ya Mama Kalutu, na ulimi ukawa mzito kama jiwe la kusagia.

"Mama Kalutu," akasema, "niliyoyasema kisimani niliyasema kwa ujinga. Mtoto anapoa."

Mama Kalutu akajibu, "Kilio chake nakisikia tangu siku ya kwanza, Mama Mchome. Nilikuwa nangoja uniite."

Akaingia ndani. Kapu peke yake lisingetosha kwa baridi ile, kwa hiyo akachukua kisu, akalipasua godoro lake la sufi, la pekee, akatengeneza kapu la chupa na sufuria, na jingine la mama na mtoto kulalia. Sufuria moja iliyochemka asubuhi ikawa ya moto mpaka kesho yake. Chupa zikapashwa humo, uji ukakaa humo. Baada ya sufuria hiyo, jikoni yalibaki makaa mawili matatu, yamefunikwa jivu, ya kulinda desturi tu. Mama Kalutu na wanawe wakalala kwenye mkeka.

Na asubuhi moja kitovu kikadondoka. Mtoto akamfinyia bibi yake uso, akalia kilio cha mwenye njaa na hasira. Bibi Namkunda akaketi chini palepale, akalia naye.

Basi, wamekusanyika upenuni. Katika jiko limebaki kaa moja. Senzota akasema kwa upole kwamba bila yeye pasingekuwa na moto wa kumpa mtu mwingine. Nairuka, huku anakohoa, akasema moto wa Senzota ulikuwa wa asubuhi moja, yeye ameulisha siku zote zilizobaki. Mama Kalutu hakutaka kusema. Alipobanwa akasema, "Nyinyi mlileta moto. Ukawa unaondoka. Mimi niliuzuia."

Senzota akamjibu kwamba desturi inataja moto, haitaji kapu. Nairuka akamgeukia: nani alisema mtambo unakula chochote? Senzota naye akamuuliza ni nani aliyesimama chini ya dari akifikiria. Mama Kalutu akatazama chini, maana siku zote zile alikisikia kilio akabaki kwake.

Bibi Namkunda amempakata mtoto, anaogopa kuliko siku ya kwanza. Huyu ni mwanawe wa tumbo. Huyu ni dada wa mkwe wake. Huyu ni jirani ambaye yeye mwenyewe alimdhalilisha. Akimtaja mwanawe, watasema damu. Akimtaja jirani, watasema analipa aibu yake. Akinyamaza, kaa litazimika na mtoto hana jina.

Najua hapo pembeni kuna mjanja anataka kusema jina atoe mama. Mama hatoi, nimeshawaambia desturi. Na wewe unayetaka apewe majina matatu, kwao mtoto ana mzazi wa pili mmoja.

Upepo umepita upenuni. Kaa limebaki kama punje ya hindi, na Bibi Namkunda amefumbua kinywa.

Je, wewe ungeamua vipi? Mbona mnatazamana? Semeni, linazimika.