Chumba Ambacho Hakikukaguliwa

Hapo zamani, sumu ya mishale ilipokuwa ikipikwa kila kijiji kama uji, watu wa Kyumbo na watu wa Ndiani waliuana mpaka wakachoka kuzika. Wakakaa kuzungumza. Mpatanishi wao, Kavali, akasema, "Vunjeni vyungu vyote vya sumu, chomeni mishale. Kisha kila upande ukaguliwe na mtu wa upande wa pili."

Ndiani wakasema hawataki mgeni majumbani mwao. Wakamtaka Musembi wa Kyumbo, kwa kuwa alimwoa Ndunge, binti yao. Mtu mmoja akauliza, "Na chumba cha mama mkwe wake je? Mkwe haingii huko." Kavali akamjibu, "Jamani, tusiharibu kazi yote kwa chumba kimoja."

Musembi akakagua. Akaingia kila nyumba, akachungulia kila ghala. Kwa mkwewe, Syokau, akaishia mlangoni, akainamisha macho kama adabu inavyotaka. Akarudi akasema, "Ndiani ni safi."

Miaka ikapita bila vita. Mtoto hafungwi na miiko ya wakwe, basi Mwende, binti ya Musembi na Ndunge, akaingia kucheza chumbani kwa bibi yake. Akavuta mshale uvunguni, ukamkwaruza kiganja. Jioni haikumkuta. Inaniuma hata kuisimulia.

Kaburini, Ndunge ndiye aliyeshika jembe, na mwenye jembe ndiye humpa au humnyima mtu udongo wa kutia. Kwao, aliyesababisha kifo haruhusiwi kutia udongo kaburini, na watu wake hubeba lawama pamoja naye.

Syokau akasema, "Wanangu wawili niliwazika kwa mishale ya Kyumbo. Nilificha kwa hofu, mwanangu, sikutaka vita."

Musembi akasema, "Nilihisi kuna kitu. Lakini ningevuka mlango ule, nani angenihesabu mtu?"

Kavali akasema, "Niliambiwa, nikapuuza. Ila tangu tupatane, hakuna mama aliyelia hapa kwa ajili ya mshale, mpaka leo."

Ndunge akimnyima mama yake, Ndiani ndio waliovunja mapatano. Akimnyima mumewe, Kyumbo ndio waliodanganya. Akimnyima Kavali, mapatano yenyewe yamekufa, na vyungu vitarudi mekoni. Pande zote mbili zimesimama zikimtazama, na mtoto bado hajafunikwa.

Haya, nyie mlioketi hapa, msinitazame mimi. Je, nani alistahili kunyimwa udongo wa Mwende?