Figo Zilizofichwa Wakwe

Mficha maradhi kilio humfichua. Juliana wa Mafinga aliijua methali hii tangu utotoni, ila aliiona ya watu wengine.

Figo zake zilipoanza kushindwa kazi, alitibiwa Iringa kwa siri. Waliojua ni kaka yake Filemoni na bintiye Devotha, aliyekuwa amechumbiwa na Gwakisa wa Mbeya.

"Wakwe wakisikia figo, watasema ukoo wetu una ugonjwa," alimwonya binti. "Funga mdomo, mwanangu."

Walipofika Mbeya kupanga harusi, Juliana alikuwa amevimba uso, yu hoi bin taabani. Tusekile, mama yake Gwakisa, akamhurumia, akawapeleka kwa daktari aliyemfahamu na kuingia nao hadi ndani. Damu ilipopimwa, homoni ya tezi ya shingo ilionekana kuwa chini.

"Mama, una ugonjwa mwingine? Presha, sukari, figo?" daktari aliuliza.

Juliana alimtupia jicho Tusekile. "Sina, daktari. Ni uchovu wa shamba tu."

Devotha alifungua kinywa, mama yake akamkanyaga mguu. Binti akakifunga.

Daktari akaandika vidonge vya tezi. Juliana alivimeza bila kukosa siku zote walizokaa Mbeya, na moyo wake ukaanza kwenda mbio hata akiwa amekaa. Alipoanguka, walimkimbiza kwa daktari yuleyule, na hapo Devotha akamweleza daktari yote faraghani huku akilia.

"Figo?" Daktari alijishika kichwa. "Figo zikiugua, homoni ile huweza kushuka na tezi ikawa nzima kabisa! Ningejua, nisingempa dawa hizi. Moyo wake haukuziweza."

Juliana hakuamka tena.

Siku ya maziko kule Mafinga, Filemoni alishika kipaza sauti kusoma wasifu wa marehemu, kama ilivyo desturi. "Dada yetu alisumbuliwa na figo kwa muda mrefu, akitibiwa Iringa..." Wakwe wote walisikia. Tusekile akamgeukia Devotha.

"Hata baba yake Gwakisa, figo ndizo zilizomwondoa," alisema. "Ningemcheka nani mimi? Nawe mwanangu ulikuwepo pale kwa daktari, ukanyamaza!"

Devotha alimkasirikia mama yake aliyelala jenezani, akajichukia mwenyewe zaidi. Aibu waliyoikimbia ilikuwa imetangazwa mbele ya umati, na mama hakuwepo tena. Ama kweli, mficha maradhi kilio humfichua.